Mchango wa Lazima

Asubuhi ile nilikwenda kwenye mtungi wa maji mara sita kabla ya saa nne, na sikuwa na kiu. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa, goti lilicheza chini ya meza mpaka kopo la kalamu likaanza kulia. Mhariri, mkuu wa chumba chetu cha tafsiri, alinitazama juu ya miwani.

“Binti, kiti chako kina siafu?”

“Hapana, Mhariri.”

“Basi kikalie. Kimenunuliwa kwa kazi hiyo.”

Chumba chetu kina meza tatu na kazi moja. Miswada inaandikwa na mawakili kwa lugha ya ofisini, nasi tunaileta katika Kiswahili ili watu waisome kabla haijawa sheria. Mswada wa miezi ile ulikuwa wa matibabu. Kila mwenye kipato, wa mshahara na wa kibanda, angekatwa asilimia tatu ziende kwenye mfuko mmoja, na mtu yeyote akiugua angetibiwa bila kuulizwa ana nini mkononi. Niliupenda mswada ule. Niliufasiri kwa uangalifu, kama mtu anayefua nguo za mtoto mchanga.

Mawakili walikuwa wametumia neno kavu, lenye maana ya fedha inayotozwa kwa nguvu ya sheria. Nilikaa nalo siku nzima. “Kodi” lilinitisha, nililiona likiwafukuza watu kabla hawajafika kifungu cha pili. “Tozo” lilikuwa na meno. Mwishowe nikaandika “mchango”. Mhariri alilisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema neno lina utu, akagonga muhuri.

Wiki tatu kabla ya hapo shangazi yangu aliniuliza kuhusu neno hilo. Shangazi ni fundi cherehani, dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilipia chuo kwa sare za shule za watu wengine. Ana mafundi wanane, na pamoja wana mfuko wao mdogo wa matibabu ambao umedumu miaka kumi na minne bila ofisi wala kalenda yenye picha ya mkurugenzi. Serikali anaitaka ijenge barabara, ishike wezi, kisha isimame mbali na cherehani yake.

“Huu mswada wenu,” aliniuliza siku ile, pini nne mdomoni, akinipima bega, “ni kodi?”

“Ni mchango tu, shangazi.”

Akanyamaza kwa sababu ya pini. Nami nikanyamaza kwa sababu ya uoga.

Na jioni ya kuamkia asubuhi ile, siku ya kikao cha kamati cha kusikiliza maoni ya watu, alikuwa amenipigia simu kwa sauti ya furaha. “Mwanangu, nimewaambia mafundi tuunge mkono. Kesho saa tisa nasimama mbele ya kamati niseme hivyo. Kama ni mchango, sina ugomvi. Mwenye nacho atoe, asiye nacho asihukumiwe. Kutoa ni moyo. Wewe ndiye uliyesoma, nimeshika neno lako.”

Ndiyo maana kiti kilikuwa na siafu.

Saa tano nilijikaza, nikasimama mbele ya meza ya Mhariri.

“Lile neno la kifungu cha nne,” nikasema. “Naona tulibadilishe.”

“Leo?”

“Linapotosha, Mhariri. Ni kosa langu.”

Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Neno limepita kwa wakubwa watatu. Wamelipenda. Likishagongwa muhuri, binti, linapata wazazi wengine. Wewe unabaki mkunga tu. Na mkunga mwenyewe bado yuko kwenye miezi ya majaribio.” Akarudi kwenye karatasi zake.

Saa sita nilichukua nakala ya mswada, nikashuka ngazi mbili mbili.

Karakana ya shangazi iko nyuma ya duka la rangi. Ukifungua mlango unapokelewa na mvuke wa pasi na kelele ya cherehani tisa zinazobishana. Mzee Pindo, ambaye kwa miaka yote amekunja mapindo na kusema anachotaka, aliniona wa kwanza.

“Msomi kaja! Fungeni midomo, tutasahihishwa.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mbona unahema? Umefukuzwa kazi?”

“Bado,” nikasema, na wote wakacheka isipokuwa mimi.

Kando ya dirisha aliketi Vifungo, mama mwenye jina la kazi yake. Alikuwa akitunga uzi kwa kupapasa tundu la sindano kwa ulimi. Jicho la kulia lilikuwa limeshaingia ukungu wa mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata nyayo. Mfuko wa karakana ulikuwa umempangia upasuaji tarehe ishirini ya mwezi ujao.

“Mtoto wangu wa pekee,” hupenda kusema, akigusa jicho, “na huyu naye simtaki.”

Nilimpa shangazi mswada. “Soma kifungu cha nne mpaka cha kumi na moja. Tafadhali. Nilikudanganya.”

Alinitazama, kisha akachukua chaki ya kukatia nguo. Shangazi hasomi haraka. Alipita mstari kwa mstari, chaki ikiacha unga wa buluu juu ya maneno yangu, na cherehani moja moja zikanyamaza zilipoona hasemi kitu.

“‘Asiyelipa mchango huu kwa wakati,’” akasoma kwa sauti, “‘atatozwa faini.’” Akainua uso. “Mchango una faini?”

“Mchango ninaoujua mimi,” akasema Mzee Pindo, “ni ule mnyoo wa tumboni. Nao kweli haukuombi ruhusa. Wewe unakula, wenyewe unashiba.”

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amefika kifungu cha kumi na moja: vikundi vyote vya kusaidiana matibabu vitakabidhi akiba yao kwa Mfuko siku ambayo sheria itaanza. Siku yenyewe ilikuwa tarehe mosi ya mwezi ujao.

Alihesabu kwa macho kutoka tarehe mosi mpaka ishirini, akiba ya upasuaji ikiwa imeshakabidhiwa, kisha akamtazama Vifungo, ambaye hakuwa akituona vizuri na alikuwa bado anatabasamu kwa utani wa tumbo.

“Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa,” shangazi akaniambia polepole. “Wewe.”

“Sikukusudia, shangazi. Nilitaka watu wasiogope. Kuna watu hawana karakana wala kikundi. Kuna kibarua wa zege akianguka leo, hana hata wa kumbebea machela. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.”

“Usinitupie methali, mimi ndiye niliyekufundisha.” Alisema hivyo bila ukali. “Nani kakwambia namkataa kibarua? Nataka aitwe anayestahili, na ninachokatwa kiitwe jina lake. Sikiliza. Nikitozwa kodi, ninayo haki ya kuuliza imekwenda wapi. Napiga meza. Lakini nikiombwa mchango, naona haya kuuliza. Nani anafuata mchango wake msibani kuuliza sukari ilinunuliwa kilo ngapi? Umeona ulichofanya? Neno lako limetuziba midomo.”

Sikuwa nimeliona hivyo.

“Na hiyo asilimia tatu ni ya mauzo,” akaendelea, chaki ikigonga karatasi. “Si ya faida. Nikishona gauni, kitambaa ni cha muuza kitambaa, uzi wa muuza uzi. Wananikata hata kwenye kisicho changu. Halafu wanachukua na kamfuko ketu, wanapeleka kwa mtu asiyejua kwamba Pindo akisema ana homa, basi kuna mpira siku hiyo.”

“Mara moja tu!” akalia Mzee Pindo.

“Mara tatu. Sisi tunajua nani anaumwa kweli. Hao watajuaje?”

“Kwa hiyo tarehe ishirini,” akauliza Vifungo kutoka dirishani, na sasa hakuwa akitabasamu, “nisiende?”

Shangazi alivua futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Twende huko kwenye kikao,” akasema.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kana kwamba imeambiwa izunguke. Kamati ilikaa mbele, watu watano, na mwenyekiti wao akiwa na sauti ya upole na saa aliyoitazama kila mara. Mhariri na mimi tulipewa meza ya pembeni, tuwepo likitokea swali la lugha. Halijawahi kutokea swali la lugha. Nilikunja ncha ya daftari, nikaikunjua, nikaikunja.

Shangazi aliitwa wa saba.

“Nilikuja kuunga mkono,” akasema kwenye kipaza sauti. “Mchana huu nimebadili nia, na mafundi wangu ni mashahidi. Mnasema ni mchango. Mimi nimechanga tangu msichana: misiba, ndoa, wagonjwa. Sijawahi kuona mchango wenye faini. Hiari yashinda utumwa, waheshimiwa. Kama ni kodi, niambieni kodi, niikatae au niikubali nikiwa macho. Na mfuko wetu mtuachie. Tuna mwenzetu anapasuliwa jicho tarehe ishirini. Hamjamwona ninyi, na yeye hawaoni.”

Kicheko kidogo kikapita ukumbini. Mwenyekiti akatabasamu.

“Mama, usijisumbue na neno. Sheria yenyewe inasema mchango. Nani alikuambia vinginevyo?”

Nilimwona shangazi akivuta pumzi. Angeweza kunyoosha kidole kwenye meza ya pembeni. Jina langu lilikuwa mdomoni mwake mahali pa zile pini.

“Nimesoma mwenyewe,” akasema.

“Basi tuwaulize wataalamu.” Mwenyekiti akageukia upande wetu. “Mhariri, neno hilo ni sahihi?”

Mhariri alisimama, akafunga kifungo cha koti. “Mheshimiwa, ni tafsiri iliyoidhinishwa.”

“Asante. Kwa hiyo, mama…”

“Si sahihi,” nikasema.

Nilisema nikiwa nimekaa, na kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa. Mwenyekiti akatega sikio. “Nani huyo? Sauti!”

Nikasimama. Daftari likaanguka. “Si sahihi, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyelifasiri. Neno la mawakili ni la lazima. Kiswahili chake ni kodi. Niliandika mchango kwa sababu… kwa sababu lilikuwa linapendeza.”

Ukumbi ulichemka. Watu waliokuwa wameunga mkono tangu mchana walianza kudai wapewe tena kipaza sauti. “Kumbe!” mtu akapaza. “Tumevishwa kilemba cha ukoka!” Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu za ofisi hazina huruma hiyo.

Kisha akasimama fundi viatu mmoja, mikono myeusi kwa rangi, akasema bila kungoja zamu: “Na iitwe kodi. Ingeitwa hata kipigo, mimi ningelipa. Mke wangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mama fundi ana kikundi. Mimi nina kibao na nyundo.”

Shangazi alimgeukia. Walitazamana, watu wawili wa sindano, mmoja ya nguo na mwingine ya ngozi.

“Basi, kaka, tuibishanie kama kodi,” akasema shangazi. “Mimi nitasema ikatwe kwenye faida. Wewe sema itakavyomfikia mkeo. Lakini tusidanganyane.”

“Sawa,” akasema yule. “Lakini haraka, dada. Mimi sina muda wa kubishana sana.”

Shangazi alimwachia kipaza sauti. Aliketi.

Kamati ilinong’ona kwa dakika kumi. Mwenyekiti akatangaza kwamba neno lirekebishwe leo leo kabla nakala hazijachapwa, na kwamba kifungu cha kumi na moja kiwekwe kando kwa mjadala mwingine. Vikundi viendelee na mifuko yao mpaka hapo. Hakusema mswada utapita. Kwa uso wake, na kwa jinsi watu walivyotoka wakigombana mpaka kwenye ngazi, sikuona kama yeyote alijua. Vifungo alikwenda akiongozwa mkono na Mzee Pindo, akiuliza: “Tarehe ishirini ni siku gani?” Fundi viatu alikuwa amekwisha ondoka. Sikuona alikoelekea, na nilimtafuta.

Shangazi alinisubiri mlangoni. “Umekula?”

“Bado.”

“Wataniandama mafundi wiki nzima kwa ajili yako.” Akaniweka sawa kola. “Nenda kafanye kazi yako.”

Ofisini Mhariri hakunisemesha mpaka nilipofungua faili. “Habari za barua yako ya ajira tutazungumza kesho,” akasema, kisha akavuta kiti chake kando ya changu, akavaa miwani. “Haya. Liko mara ngapi?”

“Ishirini na saba.”

“Na huwezi kulibadilisha kwa mkupuo.”

“Siwezi.”

Ukitoa nomino moja katika Kiswahili, sentensi nzima inahama nyumba. “Mchango huu utakatwa” ukawa “kodi hii itakatwa”. “Mchango wake wa kila mwezi” ukawa “kodi yake ya kila mwezi”. Mhariri alisoma kwa sauti, mimi nikarekebisha huu, wa, u, mmoja baada ya mwingine, na kila sentensi ilitoka ngumu kidogo kuliko ilivyoingia. Mara mbili nilisimama bila sababu, nikaketi tena. Nje magari yalikuwa yanawashwa, watu wakirudi makwao.

Tulipofika kifungu cha kumi na moja, kile kilichowekwa kando, palikuwa na maneno “michango ya wanachama”. Kidole changu kilikwisha bonyeza kufuta.

“Hiyo iache,” akasema Mhariri. “Hao wanachanga kweli.”

Nikairudisha, herufi kwa herufi, tukaendelea na “mchango” wa kumi na nane.