Kichanga Aliyejipima Damu

Siku ya nne baada ya kujifungua, asubuhi, fundi wa maabara alimvua mwanawe nguo ili amwogeshe, akaona manjano yamefika hadi kwenye nyayo. Mama mkwe alikuwa amelisema jambo hilo tangu juzi.

"Mwanangu, mtoto ana manjano huyu."

"Mama, hiyo ni rangi ya pazia tu inayommulika. Mimi nina diploma."

Diploma ikakimbizwa hospitali pamoja na mtoto.

Daktari hakupoteza muda. Damu ya mtoto itolewe kidogo kidogo kupitia kitovuni, na ya mchangiaji iingizwe mahali pake. Damu ya mfuko huwekewa dawa ya kuizuia isigande, na dawa hiyo hunyakua kalsiamu. Kalsiamu ikishuka mno, moyo husimama. Fundi aliyajua hayo yote, maana alikuwa mwajiriwa wa hospitali hiyohiyo. Alijua pia kwamba mashine ya kupima kalsiamu ilikuwa mbovu mwaka mzima. Barua za kuomba itengenezwe aliziandika yeye kwa mganga mkuu wa hospitali, saba, kwa mwandiko mzuri.

Katikati ya kazi mtoto alianza kutetemeka mikono. Kisha akafumbua macho akasema, "Kalsiamu sifuri nukta sita. Potasiamu sita, na inapanda."

"Sukari je, baba?" muuguzi akauliza, kalamu mkononi.

"Iko juu. Mkimaliza itaporomoka, msinisahau."

Daktari akadunga kalsiamu polepole. Mtetemeko ukakoma.

"Afadhali wewe," mama mkwe akamwambia mjukuu wake. "Mama yako alipima pazia."

Fundi akamfuta mtoto pua, ingawa haikuwa na kitu.

Kufikia Jumatatu macho ya mtoto yalikuwa meupe na alinyonya kama aliyetumwa. Mganga mkuu aliingia wodini, akamshikisha mtoto kidole cha kichanga wa kitanda cha pili.

"Sodiamu sawa. Kalsiamu chini," mtoto akasema.

Mganga mkuu akatoa mfukoni barua ya saba, akaichana vipande viwili.

"Mzee, naomba nimpeleke mwanangu nyumbani," fundi akasema. "Hata hivyo kipaji hiki ni cha damu ya kupewa, nayo huisha mwilini. Miezi mitatu tu, basi."

"Ikiisha tutamwekea nyingine."

Fundi alitaka kukataa, akakumbuka kwamba zamu za maabara hupangwa na yeye. Akachukua kalamu na ratiba ya zamu. Chini ya jina lake akaandika la mwanawe: saa mbili asubuhi hadi saa tisa, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya kunyonya.