Mgongo Si Ukuta

Mume wangu ni fundi lipu, na miaka yote ishirini na sita ya kazi ameamini hakuna kitu duniani kisichonyooka ukikikwangua vya kutosha. Mgongo ulipomshika, mimi ndiye niliyekuwa namnyanyua kitandani kila asubuhi kabla sijaenda kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Sikuomba makubwa. Nilitaka ainuke mwenyewe tu, maana nilikuwa nimechoka, na nikisema nimechoka simaanishi ule uchovu wa kulala ukaisha.

Tabibu wa viungo, binti mpole wa umri wa mwanetu wa kwanza, alimpaka mafuta mgongoni, akawa anamkwangua polepole kwa kipande cha chuma laini kilichopinda. Ngozi ikawa nyekundu. Alitueleza kwamba wapo wanaopata nafuu, si wote, na nafuu yenyewe huenda ikawa ya siku chache. Mazoezi ndiyo ya kuishikilia. Kesho yake mume wangu akainuka mwenyewe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikimtazama, mikono haina kazi.

Siku ya nne maumivu yakarudi. Mazoezi alikuwa ameyaita mchezo wa watoto. Miadi ilikuwa bado siku tatu, akashindwa kungoja, akanipa kikwangulio chake cha rangi, akalala kifudifudi. Nikamwambia taratibu ndiyo mwendo. Akasema lipu kuukuu haitoki kwa kubembelezwa, niongeze nguvu. Nami nikaongeza. Nisiwafiche, hasira za asubuhi zote zile zilishuka mkononi, mpaka nilipoona damu.

Siku ya miadi, tabibu alipoiona ile ngozi akaweka chuma chini. Mwenye kidonda hakwanguliwi, akasema, tusubiri wiki mbili. Akauliza nani kafanya hivi. Mume wangu akadakia kwamba aliteleza akajikwaruza ukutani. Hata uongo hajui kuutunga.

"Ni mimi," nikasema.

Nikainama kumnyanyua kwenye kitanda cha tabibu. Kiuno kikanikata, nikashika meza. Mume wangu akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Na wewe unaumwa mgongo?"

"Mwaka wa pili huu."

Akajisukuma kwa viwiko, meno kayauma, akashuka kitandani mwenyewe, akamwomba tabibu nafasi yake anipe mimi.

Nikajilaza. Nikalia kabla chuma hakijanigusa.