Kilio Ndani ya Kuta Nne

Thurstan aliingia barazani kwa jaji amevaa joho lake la sikukuu, kifua mbele, kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa funguo. Milki ya Wenbrook, pamoja na mashamba na kinu chake, ilikuwa ya kaka yake, kisha ikawa ya Idonea, binti wa kaka yake. Sasa Idonea alikuwa kaburini pamoja na kichanga chake, na mrithi aliyebaki ni yeye, baba yake mdogo.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu: Hamo, mume wa marehemu. Kwa desturi, mume aliyefiwa huishika ardhi ya mkewe mpaka naye afe, ilimradi mtoto wao alizaliwa hai, akasikika akilia ndani ya kuta nne. Tena waliosikia wawe wanaume. Siku Idonea alipojifungua wanaume wote walikuwa mavunoni, isipokuwa Thurstan mwenyewe, aliyekuwa ukumbini na kikombe chake cha bia, karibu na mlango wa chumba cha uzazi.

"Alilia, tena sana," Godleva mkunga alisema kutoka nyuma.

"Kaa, mama," jaji akamwambia. "Nimewauliza wanaume."

Wanaume walioapishwa wakatazamana. Hakuna aliyesikia. Thurstan hakuna aliyemuuliza, na hakuwa na haja ya kujipalia makaa.

Ndipo Hamo akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba mdogo, ardhi chukua. Niambie kitu kimoja tu. Wanawake wananiambia mwanangu alilia, na mimi nahisi wananibembeleza. Wewe ulikuwepo. Alilia kweli?"

Jibu ambalo Thurstan alikuwa amemwandalia jaji, kwamba hakusikia kitu, halikufaa hapa. Aliyeuliza hakuwa jaji. Alikumbuka alivyosikia kile kilio, akaweka kikombe chini akacheka peke yake kwa furaha, na uchungu wa vifo vilivyofuata, alioukwepa kwa kuwaza kinu na mashamba, ukamjaa kifuani.

"Alilia," akasema, kwa sauti ileile ya kujiamini aliyoingia nayo. "Kwa hasira, kama mama yake alipozaliwa. Nilidhani paa litang'oka."

Minong'ono ikazuka. Hamo akafunika uso kwa viganja. Jaji alikuwa amekwisha kuwageukia walioapishwa watoe uamuzi, lakini Thurstan alikuwa bado anamtazama mkwewe.

"Alinyamaza kidogo, mwanangu," akasema, "halafu akaanza tena."