Ndoo ya Bi Ozella

Shemasi Tubbs alinyolewa vibaya Alhamisi ile, na wa kulaumiwa ni mwezi wa Mei. Mwezi huo maji ya mabwawa ya Alabama yanapata joto, samaki wanaoitwa besi wanasogea kandokando kwenye kina kifupi, na Linwood Gaskin, kinyozi, anafanya kazi kwa mikono tu. Moyo uko bwawani tangu asubuhi. Alimvua shemasi shuka ya shingoni, akampiga brashi mara moja, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba amefunga, na shemasi hajajitazama vizuri kwenye kioo, pikapu ya Linwood ilikuwa imeshawaka. Sharafa ya kushoto ilibaki ndefu kuliko ya kulia. Shemasi alikuja kuambiwa na mkewe Jumapili, wakiwa tayari kanisani.

Cleve Barbour, mpeleka barua, alikuwa akimngoja kando ya barabara na kifimbo chake chepesi cha kuvulia chenye mshipi mwembamba kama uzi wa buibui.

"Umechelewa, kinyozi."

"Kulikuwa na kichwa."

"Cha nani?"

"Cha shemasi."

"Umekimaliza?"

"Nusu yake imependeza."

Cleve alicheka akipanda garini mpaka akagonga goti kwenye mlango. Njiani alimwona Linwood, mkono mmoja kwenye usukani, akibana ndoano kwa koleo ndogo, akilaza kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Ndoano yenyewe ilikuwa imefichwa ndani ya chambo bandia, kidude cha kizibo chenye manyoya ya kuku na miguu ya mpira, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Unafanya tena ujinga huo?"

"Samaki akitaka kutoka, atoke bila kuumia."

"Halafu atakushukuru? Atakutumia kadi ya Krismasi? Barua zote za mji huu zinapita mkononi mwangu, Linwood, na sijaiona hata moja iliyotoka kwa samaki."

Ndivyo alivyokuwa Linwood. Alimpenda besi kupita kiasi. Alipenda ule mdomo mpana usio na adabu, ule mruko wa nje ya maji, kile kichwa kinachotikiswa kwa hasira kama cha mtu aliyetukaniwa mama yake. Akishamvua, alimshika kwa kidole gumba, akamwambia neno moja zuri, akamrudisha. Umri wote ule hakuwahi kuua samaki hata mmoja, na jambo hilo alijivunia kimoyomoyo.

Shida ni kwamba bwawa lilikuwa la Bi Ozella Purifoy, na Bi Ozella alikuwa na sheria.

Mama huyu alipika shuleni mpaka akastaafu, na nusu ya mji ilikuwa bado inamwogopa kwa sababu ya kijiko chake kikubwa cha kupakulia. Huvui kwake kabla ya kupita barazani kumwamkia. Ukishamwamkia, anakupa ndoo na kijiti chenye alama. Besi akiwa mfupi kuliko alama anaingia kwenye ndoo na harudi majini. Akiwa mrefu, mbusu umwache aende. Wenye ufunguo wa lango walikuwa wachache, na waliowahi kunyang'anywa walikuwa wengi. Bila ufunguo ule Alhamisi ya Linwood ingekuwa siku kama siku nyingine, na wiki nzima ingekosa pa kushikia.

Naye alikuwa akiivunja sheria hiyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akizunguka nyuma ya matete, mahali ambapo baraza haipaoni, akiinamisha ndoo polepole. Na Alhamisi iliyopita alizidisha. Bi Ozella alikuwa amevua mwenyewe asubuhi, kwa mwanzi na minyoo, akapata besi watano wadogo, akampa Linwood wakiwa hai: mpelekee mama yako. Linwood alishukuru sana, akazunguka nyuma ya matete. Kesho yake Bi Ozella alipopiga simu kinyozini kuuliza, alimwambia walikuwa watamu mno, na mama yake alilamba vidole.

"Umemsingizia mama yako vidole," Cleve alikuwa amemwambia. "Siku bibi akikukamata, mimi sikujui."

Leo walipofika barazani walimkuta Bi Ozella amevaa kofia ya majani, na kiti cha kukunja kiko miguuni.

"Shikamoo, Bi Ozella."

"Marahaba. Cleve, beba hicho kiti. Leo nashuka nanyi."

Cleve alimwangalia Linwood. Linwood aliangalia viatu vyake.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" Bi Ozella akauliza.

"Nafurahi tu, mama."

Lakini nani anaweza kukaa na hofu mbele ya bwawa la namna ile? Maji yalikuwa yametulia, ng'ombe wako ng'ambo, na pembeni mwa matete vidagaa walikuwa wakirukaruka juu kwa woga, maana yake kuna mwenye njaa chini yao. Linwood alivuta mshipi mnene wa njano kutoka kwenye gurudumu la fimbo yake, akaurusha nyuma, akaurusha mbele, nyuma tena, mbele tena, ukachora mkunjo angani, na kidude chake kikatua kando ya tete bila kelele. Akakiacha kitulie. Akakivuta kidogo. *Blup*, kikasema.

Maji yakapasuka! Linwood akapiga kelele kama mtoto. Fimbo ikapinda, besi akaruka, akaanguka, akaruka tena, na Cleve naye upande wa pili akawa anaguna, mshipi wake wa uzi wa buibui ukikata maji huku na huku, maana naye alikuwa ameshika.

"Wangu mkubwa!"

"Wako? Wako si chochote, angalia huyu!"

Besi wote wawili walikuwa wafupi kuliko alama. Cleve alimtia wake kwenye ndoo huku akipiga mluzi. Linwood alisimama na wake mkononi, maji yakimdondoka kwenye kiwiko, na macho ya Bi Ozella yakimchoma mgongoni.

"Mlete nimwone," Bi Ozella akasema.

Akamleta. Bi Ozella hakutazama kichwa wala hakuomba kijiti. Alipitisha kidole gumba kwenye mkia, taratibu. Ncha ya juu ya mkia ilikuwa imekatwa, mkato ulionyooka kama wa nguo ya mshonaji. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa mkasi mdogo wa kushonea na kuulaza juu ya goti lake.

"Linwood."

"Naam, mama."

"Huyu samaki ulimla wiki iliyopita."

Linwood aliutazama mkia, kisha mkasi.

"Niliwakata mikia wote watano kabla sijakupa. Nilikuwa nina wasiwasi nawe siku nyingi. Mama yako alilamba vidole vya nani, hebu nieleze?"

"Mimi nilimwonya," Cleve akasema kutoka majini.

"Na wewe nyamaza, uliyejua na hukusema."

Linwood aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akajitetea kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuua, kwamba ni huruma tu, kwamba wanapendeza. Bi Ozella alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwinua yule besi mbele ya uso wake.

"Mtazame basi, wewe mwenye huruma. Unaona nini?"

Linwood alitazama. Besi wangapi walikuwa wamepita mkononi mwake, na kila mara alimtazama mdomo na macho na ule mchirizi mweusi ubavuni. Sasa akaona kichwa kikubwa, kikubwa mno, na nyuma yake mwili mwembamba kama mkanda wa suruali. Tumbo lilikuwa limeingia ndani.

"Hawana cha kula," Bi Ozella akasema. "Bwawa ni dogo, vinywa vimejaa. Ezell wangu alilichimba hili kwa mikono yake, na alipokuwa hai tulikuwa na samaki wa kujaza sinia. Aliwapunguza kila mwaka wadogo, waliobaki wakashiba. Alipofariki mkaja nyinyi watu wapole. Mnamrudisha kila mmoja, mnajisikia watakatifu, mnaenda nyumbani kula kuku. Umewahurumia mpaka umewaua kwa njaa, Linwood."

Hilo lilimwingia. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Ufunguo," Bi Ozella akasema, akanyoosha mkono.

"Mama, nakuomba."

"Ufunguo."

"Nipe mpaka jua lizame. Nitakurudishia wote watano. Niliwamwaga palepale kwenye matete, na kwa njaa waliyo nayo hawajaenda mbali. Nitawatoa wote, nitawapaa mwenyewe, nitawala mbele yako. Nikikosa hata mmoja, chukua ufunguo na usiitikie tena shikamoo yangu."

Bi Ozella aliangalia jua. Lilikuwa limeshagusa vilele vya misonobari.

"Huyu ni mmoja," akasema, akamtumbukiza kwenye ndoo. "Unangoja nini?"

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Linwood alirusha kana kwamba bwawa linaungua. Cleve alisogea karibu yake, bega kwa bega, wakapiga matete kutoka mwanzo mpaka mwisho, huyu na kidude chake kinachobubujika juu, yule na kindoano chake chenye mkia wa mpira kinachozama chini. Samaki waliuma! Kila aliyetoka mkia wake ulitazamwa kwanza.

"Mzima!"

"Ndooni!"

"Mzima huyu pia!"

"Ndooni, nimesema, usimwonee haya!"

Bi Ozella alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Alikuwa anapiga kelele kama yuko kwenye mchezo wa mpira wa shule, akielekeza kwa mkasi. "Pale kwenye gogo! Siyo hapo, kinyozi, gogo, gogo! Unanyoa maji?" Wa pili alitoka kwenye gogo, mkia umekatwa, na wote watatu wakashangilia. Wa tatu alishikwa na Cleve. Wa nne aliruka mara tatu, mara ya tatu ndoano ile isiyo na kijino ikamchomoka, akaangukia matopeni, na Linwood akamrukia kwa tumbo na kumkumbatia.

"Sasa ndiyo nakuona mvuvi!" Cleve akapayuka.

Jua likabaki kipande. Maji yakawa mekundu, kisha ya kijivu. Wa tano hakutaka kuonekana. Linwood alirusha, akavuta, akarusha. Moyoni alikuwa ameshaanza kuliaga lile bwawa, gogo lake, matete yake, ng'ombe wake wa ng'ambo.

*Blup.*

Akauma. Mdogo, mwepesi. Linwood akamvuta haraka kuja ukingoni, na samaki alipogeuka karibu na uso wa maji wote waliuona mkia, na ncha iliyokosekana.

"Ndiye!" Bi Ozella akalia. "Ndiye huyo, usimwachie!"

Basi chini yake maji yakajaa kivuli. Kitu kilipanda kutoka kilindini bila haraka, kipana, cha kijani kilichokaribia weusi, kikafungua mdomo ambao ndoo ingeingia, kikambana yule mdogo ubavuni. Fimbo ya Linwood ikainama mpaka ncha ikazama majini.

Besi yule mkubwa aliogelea hatua chache na chakula chake kinywani, mshipi ukimfuata, kisha akaacha kwenda, akasimama kwenye kina kifupi, mgongo wake ukitokeza nje ya maji. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Bi Ozella alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake vya kanisani, maji yakimfika magotini, na hakuwa na habari.

"Ezell alisema yupo mmoja," akanong'ona. "Nikamwambia ni uongo wa wavuvi. Mpaka anakufa nilimwambia ni uongo."

Linwood alimsikia. Mkono wake ulikuwa kwenye mshipi. Akivuta kwa nguvu, mdogo atachomoka mdomoni mwa mkubwa, atakuwa wa tano, na ufunguo utakuwa wake. Jua lilikuwa linamalizika.

Akalegeza mshipi.

Ukalala juu ya maji. Yule mkubwa alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akammeza mdogo kuanzia kichwani. Ndoano isiyo na kijino ilichomoka yenyewe, na kidude cha manyoya kikaelea juu, kitupu. Mkia mpana ukapiga maji mara moja, ukawalowesha wote, na maji yakajifunga juu yake.

Linwood alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Wa tano yuko wapi?" Bi Ozella akauliza, bado amesimama majini.

"Ameliwa, mama."

"Umemwachia aliwe?"

"Nimemwachia."

Bi Ozella aliyatazama maji mara ya mwisho. Alishika mkono wa Cleve, akapanda ukingoni.

Barazani, Linwood alipewa kisu. Wa kwanza alimpaa macho yamefumba nusu, wa pili akimwomba radhi, na alipofika kwa wa nne alikuwa anauliza kama mafuta yameshapata moto. Bi Ozella aliwagaagaza kwenye unga wa mahindi na pilipili manga, akawakaanga kwenye kikaango cha chuma, akawawekea na kabichi. Linwood alitia kipande kinywani. Alitafuna, na wenzake wakamtazama.

"Vipi?" Cleve akauliza.

"Kumbe," Linwood akasema, akachukua kingine. Alikula mpaka akalamba vidole, na Cleve akamnyooshea kidole akicheka hata chai baridi ikampalia.

Walipoinuka kuondoka, Linwood alitoa ufunguo wa lango mfukoni, akauweka mezani kando ya sahani yake. Ahadi ilikuwa watano, na wenye mikia iliyokatwa ndooni walikuwa wanne. Bi Ozella aliutazama ule ufunguo. Kisha akausukuma kwa uma mpaka upande wa Linwood, na juu yake akaweka mkasi.

"Alhamisi uje na ndoo kubwa kuliko hii," akasema. "Na ukimwona yule tena, niite."