Kitambaa cha Juu ya Hita

Kibandiko cha kupimia joto kilisoma kumi na moja. Nibigira alikisogelea, akakipulizia pumzi yake, kikapanda mpaka kumi na tatu, kikatulia kidogo, kikashuka tena. Rangi yake haikutoka kwenye buluu.

Nesi alikuwa amekibandika ukutani Ijumaa, juu ya kitanda cha mzee, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Hapa buluu, baridi. Hapa kijani, kumi na nane. Kikifika kijani ndipo mzee atarudi nyumbani. Chini ya hapo kifua chake hakiwezi. Alisema atakuja Alhamisi saa nne kuangalia mwenyewe. Leo ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba, na nje umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya nyasi za mtaa wao, Macquarie Fields, kana kwamba mtu amemwaga chumvi.

Hita ilikuwapo. Ilisimama sebuleni, nyeupe, yenye mbavu kama za ng'ombe wa kiangazi, na juu yake kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, uzi wa waridi na mweupe. Iliwashwa akija mgeni: mchungaji, au akina mama wa kwaya. Kitambaa kiliondolewa, hita ikawashwa, wageni wakasifu. Wakishaaga, kabla viatu vyao havijafika kwenye geti, hita ilikuwa imezimwa na kitambaa kimerudi mahali pake. Baridi ya watu wa nyumbani ilikuwa na dawa yake: soksi mbili mbili, kitenge juu ya suruali, blanketi mabegani. Mzee mwenyewe, mumewe Vénérand, ndiye aliyekuwa akisema, zima, Mama Ikirezi, tusije tukakatiwa. Alimwita hivyo hata baada ya Ikirezi, mtoto wao wa pekee, kuzikwa kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila na kuwaachia mjukuu, Keza, akiwa bado wa mgongoni. Alisema zima, zima, mpaka siku alipokohoa damu kwenye taulo.

Wiki tatu sasa yuko hospitali.

Nibigira hakuwa mtu wa kukimbilia kuomba. Na alipoamua kuomba, alijua namna yake. Miaka kumi na minne ya Mtabila ilimfundisha habari za watu wenye orodha. Uliyekuja na kadi iliyochanika, au uliyekosa siku ya kuhesabiwa, uliambiwa ungoje pembeni, na pembeni unga haukufika. Mwenye kadi safi alipita. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa watu wa msaada wa umeme, aliisafisha kadi yake kwanza. Alikwenda posta na bili ya miezi mitatu akailipa yote, senti kwa senti, kwa pesa ya nyama na ya dawa yake ya magoti. Wiki hiyo yeye na Keza walikula maharage na wali, kisha maharage bila wali.

Jumanne alitembea kwa miguu mpaka Ingleburn, mtaa wa jirani. Ofisini walimpeleka kwa Zilpah, Mkenya, maana kila Mwafrika aliyeingia pale alipelekwa kwa Zilpah.

"Karibu, Mama. Keti. Hebu tuone bili."

Nibigira alifungua mfuko wa nailoni, akaitandaza bili mezani, akaweka risiti ya posta juu yake na kuinyoosha kwa kiganja. Zilpah aliisoma. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mama, hii umelipa."

"Nimelipa, mwanangu. Jumamosi."

"Yote?"

"Yote. Miye sidaiwi na mtu."

Zilpah aliegemea kiti. "Sasa mimi nikusaidie na nini?"

"Nataka joto la mzee. Wiki sita tu, mpaka baridi ipungue."

"Ai, Mama. Vocha yetu ya msaada haiendi kwa joto. Inaenda kwa bili, na iwe bili haijalipwa. Naingiza namba yako hapa, kompyuta inaangalia unadaiwa ngapi, ndiyo inafunguka. Yako inasoma sifuri. Sifuri hainifungulii kitu."

"Kama ningekuja sijalipa?"

"Ungekuwa umeondoka na vocha leo."

Nibigira aliitazama risiti. Muhuri wake ulikuwa umekaa vizuri, katikati kabisa.

"Basi mbaya ni mimi niliyelipa."

"Sijasema hivyo. Sheria si yangu, Mama."

"Nionyeshe mwenyewe, nikamwombe yeye."

Zilpah alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetazama saa. Nibigira hakuinuka. Mchungaji alikuwa amemwambia kuna msaada mwingine, wa nyumba zenye wagonjwa. Akauulizia.

"Huo ni mzuri," Zilpah alisema, akafungua ukurasa. "Hata bili haijalishi. Mgonjwa awe tu anaishi hapo nyumbani. Yuko wapi sasa?"

"Hospitali."

"Akitoka, leta barua ya kutoka. Siku hiyo hiyo naingiza."

"Hawamtoi mpaka nyumba ipate joto."

Vidole vya Zilpah vilisimama juu ya kompyuta. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama huyu usoni.

"Na hospitali hawawezi kuandika kwamba yuko nyumbani?"

"Wataandikaje, na mtu yuko kwao kitandani?"

Nyuma ya Nibigira watu walikuwa wakikohoa kwenye viti. Zilpah aliinama, akashusha sauti.

"Sikiza. Mimi sijakwambia. Enda nyumbani, washa hita, usizime. Bili ikikuja usilipe. Watakuandikia barua ya kwanza, nyamaza. Ya pili inakuja na wino mwekundu, watasema wanakata. Hiyo ndiyo uniletee. Na bili iwe kubwa, Mama. Ikiwa ndogo watasema unaweza kuilipa pole pole."

"Hiyo nyekundu inafika lini?"

"Bili si ni ya miezi mitatu? Weka mwezi wa kumi. Wa kumi na moja hivi."

"Mwezi wa kumi na moja watu wamevaa kandambili."

"Najua," Zilpah alisema, akaita namba iliyofuata.

Jumatano Vénérand alipiga simu kutoka wodini. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini utani ulikuwamo bado.

"Mama Ikirezi, huku wanatuoka. Ukija leta chumvi, nimekaribia kuiva."

"Ni afadhali uive kuliko uoze. Unakula?"

"Nakula. Yule mzee wa kitanda cha pembeni wamemhamisha. Nyumba ya wazee, huko Goulburn. Walimpigia mtoto wake simu tu, basi." Alikohoa, muda mrefu. "Na mimi wamenionyesha fomu ya huko. Nimewaambia mke wangu ndiye mwenye macho, mpelekeeni yeye."

"Goulburn ni wapi?"

"Saa mbili kwa treni, wanasema. Na treni zenyewe ni chache kwa siku."

"Hutakwenda Goulburn," alisema Nibigira. "Kesho nyumba inapimwa. Keshokutwa unalala kwako."

Alhamisi aliamka kungali giza. Akaondoa kitambaa juu ya hita, akakikunja mara nne, akaiwasha mpaka mwisho. Akawasha oveni, akauacha mlango wake wazi. Akabandika sufuria tatu za maji. Akaziba chini ya milango kwa vitenge. Keza, ambaye hakwenda shule ili awe mdomo wa bibi yake, alivua koti, kisha sweta, akakaa kwenye kochi na fulana tupu, akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Saa nne kasoro robo kibandiko kilikuwa kijani.

Nesi aliitwa Cheryl. Aliingia, akavua koti lake mlangoni, akatabasamu.

"Anasema nyumba ni nzuri," Keza alitafsiri. Kibandiko Cheryl alikiangalia mara mbili. Oveni aliiangalia mara moja. Kisha akauliza swali refu.

"Anauliza kama tunaweza kukaa hivi kila siku."

"Mwambie ndivyo tukaavyo."

Keza alimtazama, halafu akamwambia. Cheryl aliandika. Akauliza tena, kwa upole ule ule.

"Anataka kuona bili. Za kuweka kwenye faili tu, anasema." Keza alibaki akimtazama nesi, lakini maneno yaliyofuata yalikuwa yake mwenyewe, na kwa Kiswahili, ingawa maneno yake mwenyewe kwa kawaida aliyasema kwa Kiingereza. "Bibi, sema zimepotea."

"Zangu hazipotei," Nibigira alisema.

Alileta kopo la biskuti. Bili za miaka mitatu, kila moja na risiti yake, zimebanwa kwa pini, zimepangwa kwa tarehe. Aliziweka mapajani mwa nesi. Hakuna mwenye orodha aliyewahi kumkuta na karatasi chafu, na leo hakutaka iwe siku ya kwanza.

Cheryl alizipitia. Kwenye kila bili palikuwa na picha ndogo ya nguzo mbili za kuonyesha umeme uliotumika, moja ya nyumba yao, moja ya nyumba nyingine zenye idadi ya watu kama yao. Ile ya nyumba yao ilikuwa fupi sikuzote, haifiki hata kwenye goti la mwenzake. Nibigira aliipenda picha ile. Kila bili ilipokuja alimwonyesha Vénérand, naye Vénérand alisema, tazama, tumewashinda tena. Sasa kidole cha Cheryl kilitua juu ya nguzo fupi, kikahamia bili iliyofuata, kikatua tena.

"Anasemaje?"

Keza aliinama juu ya bili.

"Anasema huu ni umeme wa mtu mmoja. Tena wa mtu asiyeshinda nyumbani. Na sisi tulikuwa watatu. Anauliza majira yote ya baridi tulikuwa tunapataje joto."

"Mwambie tulivaa."

Keza akamwambia. Cheryl alitikisa kichwa polepole, akatoa simu, akazipiga picha bili, moja moja, kwa uangalifu, asiharibu mpangilio. Kisha akatoa ile fomu ya Goulburn kwenye mkoba na kuiweka juu ya meza, na kalamu pembeni.

"Anasema si kosa lako. Ni kwa usalama wa babu. Nafasi ya Goulburn wataishikilia mpaka Jumatatu. Anasema asante kwa joto. Nje kuna baridi sana."

Cheryl alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akaondoka.

Nibigira alizima oveni. Alisimama mbele ya hita. Mkono wake ulienda kwenye kitufe, kama ulivyozoea mgeni akiaga, kisha ukarudi. Papo hapo hita yenyewe ikalia *tak*, ikanyamaza. Sebule ilikuwa imeshiba joto, nayo ikapumzika.

Akaenda dirishani, akafungua. Akafungua la jikoni. Akavuta vile vitenge chini ya mlango kwa mguu, akauacha mlango wazi mpaka mwisho. Upepo uliingia, fomu ikainuka ncha moja mezani. Baada ya muda hita ikalia *tak*, ikaanza tena kufanya kazi.

"Bibi, unaipasha moto barabara ya nje," Keza alisema, kwa Kiingereza sasa.

"Najua."

"Zima basi."

"Nguzo yetu ni fupi," Nibigira alisema. "Zilpah alisema bili iwe kubwa. Vaa sweta yako. Nenda ukaniangalizie kibandiko."

Alijifunika koti la Vénérand, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya nje karibu na boksi la mita. Nyuma ya kioo chake kulikuwa na taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Siku zote alikuwa ameiona ikipepesa polepole, kama jicho la mzee anayesinzia. Sasa ilipepesa bila kupumzika.

"Kumi na sita," Keza aliita kutoka chumbani mwa babu yake.

Nibigira alikunja kola ya koti. Lilikuwa bado na harufu ya dawa ya kifua.

"Kumi na tatu."

Fomu iliangushwa na upepo, akaisikia ikiburuzika sakafuni. Hakugeuka. Aliendelea kuitazama ile taa.

"Bibi," Keza alisema. "Kumi na moja."