Bakuli la Pweza

Mimi Kidawa sina subira na maneno matupu, ndiyo maana mlangoni pa jela alikuwa akienda dada yangu Mwatima, si mimi. Mumewe, Msabah, walimchukua mwaka wa sitini na nne. Wakasema wana maswali tu. Mwatima akiuliza kama yu hai, askari wa mlangoni humjibu, "Yupo." Akiuliza ni mzima, yupo. Akiuliza atarudi lini, yupo. Hata sisimizi yupo, jamani.

Kila Ijumaa alipeleka bakuli la chakula, likirudi tupu, limeoshwa. Askari husema Msabah kala, kashukuru. Dada akirudi nyumbani kachangamka, mpaka siku moja uani, tunachambua mchele, nikamwuliza: kama Msabah kafa, yule bwana angemwambia nini? Akasema angemwambia maneno yale yale.

"Basi hajakwambia kitu," nikamwambia. Nilijua namchoma, lakini nilishachoka kumtazama si mke, si mjane.

Ijumaa akapika pweza wa nazi. Nikashtuka. Msabah pweza haonji. Mchuzi wake tu humvimbisha koo akakosa pumzi, na chungu kilichopikiwa pweza hapikiwi yeye. Mwatima akaniambia, bakuli likirudi limejaa, yu hai. Likirudi tupu, basi. Nikajitanda buibui nikamfuata.

Tulikaa chini ya ukuta wa jela tangu adhuhuri. Dada aliomba Mungu chakula chake kikataliwe, nami nikaitikia amina.

Askari akatoka na bakuli tupu kalishika kwa vidole viwili. Nikatafuta pa kujishika, nikamwuliza labda Msabah kawapa wenziwe.

"Kala mwenyewe," akasema. "Kashukuru sana. Anataka Ijumaa umpikie pweza tena."

Mwatima akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba," akamwambia. "Leo umenambia."

Jioni ile akavaa nguo nyeupe, akaingia eda. Wazee wakaja kumgombeza: hakuna maiti, hakuna khabari, eda ya nani? Nikawafungia mlango, na wanune wakitaka. Ndani Mwatima alikuwa akimlilia mumewe kwa sauti, mara ya kwanza tangu wamchukue, nami nikaenda kumshika.