Oti za Mkwe Wangu

Mimi si mtu wa kulalamika, lakini siku ile daktari wa macho kule Bungoma aliponiambia hatanipasua jicho mpaka sukari yangu ishuke, nilimjibu maneno ambayo muuguzi aliyekuwa karibu alijifanya hakuyasikia. Nilikuwa nimetoka nyumbani Bokoli alfajiri, nimevaa gauni la kanisani, nimekaa nyuma ya bodaboda kama furushi. Halafu mtu anidunge kidole, atazame kimashine chake, aniambie nirudi baada ya wiki nne. Madaktari wa kupasua wangekuwepo siku hiyo moja tu. Nikiikosa, ningoje mwaka mzima.

Mwaka mzima ni mrefu kwa mtu asiyeona. Macho yangu yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Binadamu nilimjua kwa sauti, kuku kwa kelele, na kikombe nilikijua nikishakimwaga. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitakufa bila kuona tena rangi ya mahindi yangu, na nasema wazi kwamba niliogopa sana.

Binti yangu Phelista akaamua nihamie kwake Kitale anisimamie chakula. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu Phelista ana mume.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Ukimsikia anakuja njia hii, unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Muchiri ni Mkikuyu, babu yake alihamia Trans-Nzoia zamani. Kwao pia wakwe wanaheshimiana, ila si heshima ya kuingia kwenye mahindi. Hata hivyo, tangu amuoe Phelista miaka tisa iliyopita, ameifuata desturi yetu kuliko vijana wetu wenyewe. Sikuwa nimewahi kumwona uso. Picha ya harusi yao iko ukutani kwangu, na upande wa bwana harusi nimeufunika kwa kalenda ya kanisa.

Shemeji yangu Wakoli, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye mwenye kauli katika ukoo. Aliniruhusu niende Kitale kwa sharti kwamba nilale kwenye kijumba cha nje kinachowekwa chakula cha ng'ombe, na kwamba mimi na Muchiri tusionane hata kwa bahati mbaya.

Wiki ya kwanza Phelista alinipikia mwenyewe. Kila asubuhi aliponda ndizi, akavunja mayai, akamimina maziwa, akatia oti, mdalasini, karanga na vipande vya mapera. Mchanganyiko ule aliuweka kwenye sufuria ndogo, ile ndogo akaiweka ndani ya kubwa yenye mchanga wa moto, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Kinaiva kama keki, lakini keki isiyo na sukari hata chembe. Nilimuuliza kama hizo oti si zile zile ambazo Muchiri huwapandia ng'ombe wake. Akasema ni zile zile, ila hizi za dukani zimebanwa na kutiwa kwenye pakiti. Nilikula nikijihisi nakamuliwa kesho.

Siku ya saba Phelista, ambaye ni mfanyakazi wa kaunti, akaitwa semina Nakuru wiki tatu. Alimwachia mumewe karatasi ya maelekezo. Mimi hakuniachia kitu.

Muchiri anajua ng'ombe. Jiko halijui. Siku ya kwanza alileta bakuli, akaliweka kwenye ngazi ya kijumba changu, akakohoa mara tatu ili nijue chakula kimefika, akaondoka mbio. Chini kilikuwa kimeungua na juu kilikuwa uji. Kesho yake nilisikia harufu kutoka kitandani, nikajua makaa yote ameyaweka chini. Mimi chakula kikiharibiwa mbele yangu siwezi kunyamaza. Nikapiga kelele kutoka kijumbani kwamba makaa yapande juu ya kifuniko. Naye akajibu kwa kelele kutoka jikoni, yapande mangapi. Tukaendelea hivyo siku tatu, mpaka jirani yetu Jerono, ng'ambo ya ua, akaanza kutusahihisha. Siku ya nne alituuliza kwa nini hatuweki zabibu.

Siku hiyo Muchiri alisimama nyuma ya ukuta wa kijumba changu, akakohoa.

"Mama, na heshima zote," alisema, "si wewe hauoni? Sasa tutaonana aje?"

Nilikasirika. Kisha nikafikiri, nikaona hakuna pa kumshika. Nikampigia simu Wakoli. Wakoli hatoi kauli haraka, maana akitoa haraka watu watadhani ni rahisi. Alikaa nayo siku mbili, kisha akaamua kwamba mtu mwenye ukungu machoni hahesabiwi kuwa ameona. Lakini Muchiri anipe mgongo wakati wote, endapo ukungu ungeondoka ghafla bila kutuarifu.

Basi tukaanza kupika pamoja. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya jiko, nikiusikiliza mchanga na kupitisha kiganja juu ya kifuniko kupima moto. Yeye alisimama ameuelekea ukuta, akiponda ndizi. Cha kunipa alikipitisha nyuma yake bila kugeuka. Mara ya kwanza bakuli la mayai lilinifikia mapajani. Kazi ya kufunua kifuniko chenye makaa alikataa niifanye. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye jiko, akapapasa nyuma yake, akafunua. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Nikimuuliza, anasema ni mvuke tu.

Nilikuwa nikimwona kama ukungu wa bluu, rangi ya ovaroli yake. Tuliongea habari za ng'ombe, mvua, na binti yao Gathoni aliyekuwa shule ya bweni. Nilianza kuamka mapema nikiingojea sauti ile. Sikumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Dada yangu Edinah ameolewa Kabuchai, kwenye miwa, jirani na mahali wanapopika sukari nguru. Nilipokuwa naondoka alinifungia donge moja kwenye jani la mgomba, la kunituliza moyo. Nililificha chini ya godoro, na kila asubuhi nikalitia kifuani. Na Muchiri akishanipitishia sufuria nikoroge kwa mara ya mwisho, mimi nilichomoa donge langu kifuani na kukwangua humo kiasi. Mtu aliyekupa kisogo huwezi kusema unamficha kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na oti zikapata ladha ya chakula cha watu.

Siku ya kupimwa ikafika. Katika zahanati ya Kitale, muuguzi akasoma kimashine, akasema sukari imepanda kuliko nilivyotoka Bungoma. Zilibaki siku kumi na mbili. Muchiri alikuwa nje ya mlango, ameupa mgongo, na aliyasikia yote. Njia nzima alitembea mbele yangu, nami nimeshika ncha ya fimbo aliyoishika yeye.

Kesho yake alipunguza ndizi zikabaki moja. Siku iliyofuata hakuweka kabisa, akaweka mapera matupu, yale machachu. Mimi nikaongeza donge.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya zizi nikiota jua la mwisho, nikamsikia akiongea na Phelista kwenye simu.

"Ni mimi," alisema. "Nimepika hiyo kitu vibaya mpaka macho ya Mama inaenda hivyo tu. Afadhali ningemwacha kwao."

Kisha akapenga kamasi. Ng'ombe hawapengi, kwa hivyo najua alikuwa yeye.

Nimezika mume, nimelea watoto watano, na sikumbuki siku nyingine niliyojiona mdogo kiasi kile. Mwanamume mzima alikuwa analia juu ya mapera, na donge liko kifuani pangu limeanza kuyeyuka. Alipoingia ndani, nilipapasa hadi kwenye hori, nikampa ng'ombe wa kwanza niliyemgusa. Alikula donge, akala jani la mgomba, akanilamba mkono hadi kwenye kiwiko.

Tangu hapo kila nilipopita karibu na zizi, ng'ombe yule alilia kwa sauti ya kuhuzunisha. Muchiri aliniambia, huku ameutazama ukuta, kwamba ng'ombe wake amenipenda sana. Nikamwambia wanyama wanamjua mtu mwema.

Nilikula oti zile bila kitu. Nilimeza vidonge vyangu, nilizunguka boma asubuhi na jioni nikisindikizwa na kilio cha ng'ombe. Nilipopimwa Bungoma, daktari alitazama kimashine mara mbili, akasema nipelekwe chumba cha kupasuliwa.

Siku ya pili walinifungua jicho la kulia. Cha kwanza kuona kilikuwa matundu ya pua ya muuguzi, na yalikuwa mazuri ajabu. Niliona rangi ya ukuta. Nilimwona Phelista, aliyetoka Nakuru jana yake, nikamwambia amekonda, akalia, nami nikalia, muuguzi akatukataza wote wawili.

Ndipo nikasikia harufu ya mdalasini inakuja kwenye ukumbi. Mtu akakohoa mara tatu. Mlango ukafunguka kidogo, na mkono ukapenya ukiwa umeshika bakuli lililofungwa kwa taulo.

Niliutazama ule mkono. Vidole vyote vilikuwa na alama za moto, nyingine zimeshakauka, moja bado mbichi. Kumbe ndio ule mvuke tu. Phelista alipokea bakuli, mkono ukarudi, na nyayo zikaanza kuondoka. Nilionja kijiko kimoja. Kilikuwa kimeiva sawasawa juu na chini, nami nikakiweka kijiko kando.

Nikamwambia Phelista anipe kitambaa changu cha kichwa, kile cha kijani. Nikakifunga machoni. Muuguzi alikuja juu, akauliza kama tumelipasua jicho jana ili lifungwe leo kwa tambara. Nikamwambia jicho ni langu na nimelifunga kwa ulegevu.

"Baba Gathoni," niliita, "rudi. Sioni."

Aliingia. Nilisikia kiti kikigeuzwa kuelekea ukuta, kama tulivyozoea.

"Geuka tukule," nikasema. "Nimekwambia sioni."

Kiti kikageuzwa tena, polepole. Nikamsukumia bakuli, na kabla moyo haujanigeuka nikamwambia ya sukari nguru yote, donge, kifua na jani la mgomba. Nikamwambia ndizi zake hazikuwa na kosa lolote. Phelista alishika kichwa.

Muchiri alitafuna kwanza.

"Nilijua, Mama," akasema. "Siku ile ng'ombe ilianza kukuita. Oti peke yake haiwezi fanya ng'ombe ilie hivyo."

Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Alicheka kidogo, nami nikacheka, na tulikula pamoja mpaka bakuli likaisha.

Kitambaa kile nilikuwa nimekivaa na kukifua miaka kumi na miwili, na ukweli ni kwamba kilikuwa kimechakaa mpaka mwanga unapenya. Mkwe wangu ana masikio makubwa na pengo la jino mbele, na akicheka hulifunika kwa vile vidole vilivyoungua. Wakoli akiniuliza, nitamwambia sikuona kitu.